Jembe Lililobaki Msibani

Nyuma ya mlango wa jiko langu kuna majembe mawili. La mume wangu ni zito, bapa lake pana, na shingoni lina pete ya chuma ambayo fundi wa kuchomelea aliiongeza baada ya mpini kuanza kucheza. Langu limelika mpaka linafanana na kijiko, na mpini wake umepasuka, nikaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mtoto wangu hajaanza hata shule na anajua lipi la baba na lipi la mama. Polisi hawakujua. Wakili wa serikali hakujua. Na mimi niliyejua nilikaa na jambo hilo ndani ya nyumba miezi na miezi, nikipika, nikinyonyesha, nikilia, bila kutambua kwamba ninalo.

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aje kuniambia nisamehe kwanza ndipo niandike. Nilizaliwa Kituntu, nikamaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, sifichi, nikaolewa Nyabiyonza. Elimu hiyo inatosha kueleza kilichotokea.

Kwetu, mtu akifa, jembe halipigwi shambani mpaka azikwe. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini kwenye kilima nilichoolewa nikakuta na la pili: jembe lililochimba kaburi halirudi nyumbani na mwenyewe. Linalazwa chini ya upenu wa nyumba ya marehemu mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo wafiwa wanaliosha, na mmoja wao analirudisha kwa mwenyewe, mkononi, pamoja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ukilibeba jembe la kaburi siku ileile ukaingia nalo kwako, wazee wanasema umelionyesha kaburi njia ya nyumbani. Mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Mama mkwe akaniangalia, akasema, “Cheka, mwali. Huko kwenu mnazikwa na ndege.”

Basi. Mzee jirani yetu, ambaye kibanja chake na chetu vinatenganishwa na mstari wa mibuni tu, alifariki siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi mume wangu alichukua jembe lake akaenda kuchimba na wenzake. Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa upande ule ni mwekundu na unanata kama ugali mbichi. Alirudi jioni suruali ikiwa matope mpaka magotini, mikono imetoka malengelenge, akala bitoke vyake, ndizi za kupika, akalala.

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo kuna mota iliibiwa kwenye mashine ya kusaga, ng’ambo ya barabara. Mume wangu alikuwa amefanya kazi pale, akaachishwa kwa maneno makali kati yake na mwenye mashine. Sasa mota imepotea, na mtu aliyeachishwa kwa maneno makali anakaa karibu. Hapo hata mimi ningemshuku. Kumshuku mtu si kosa. Kosa ni kuketi juu ya shaka yako kama kuku juu ya mayai, ukingoja itotoe.

Jumatatu polisi walikuja. Walipekua ndani, wakatoka nje, wakasema mota imezikwa kwenye migomba. Nani aliwaambia? Mlinzi wa mashine alimwona mume wangu Jumamosi jioni akipita na matope. Wakaniomba jembe. Nikawapa lililokuwepo nyuma ya mlango. Walichimba kwenye maharage yangu, wakachimba chini ya migomba, wakakata na mgomba mmoja uliokuwa na mkungu mchanga, ati udongo wake ulikuwa laini. Hawakupata kitu. Wakaondoka na mume wangu, na wakaondoka na jembe.

Jembe lilikuwa na udongo mbichi. Udongo waliouchimba wao, mbele ya macho yangu, mtoto akiwa mgongoni.

Sidhani walikaa chini wakapanga. Ningeona afadhali kama wangepanga, maana mtu aliyepanga anajua alichofanya. Hawa walisahau tu. Jembe liliingia kwenye gari kama jembe, likashuka kituoni kama kielelezo.

Wafiwa walianua matanga wiki hiyo hiyo. Mjane mwenyewe alikuja kwangu, amejifunga kaniki, ameshika jembe la mume wangu limeoshwa linang’aa, na kibuyu. Nilimwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia. Nilikuwa nimembeba mtoto mkono mmoja, nikalipokea jembe kwa mkono wa pili. Akaniambia, “Mwenyewe atakunywa akirudi.” Nikaliweka jembe nyuma ya mlango. Rubisi ilichacha mpaka nikaimwaga. Akili yangu ilikuwa kwenye dhamana, kwenye nani ana hati ya nyumba akubali kumdhamini, kwenye nauli ya kwenda rumande. Jembe ni jembe. Nani anaketi kulifikiria jembe?

*

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa. Upelelezi haujakamilika. Hakimu yuko likizo. Shahidi hajafika. Kila nikirudi nyumbani mama mkwe ananiuliza kutoka mlangoni, “Wamesema nini?” nami najibu, “Wamesema turudi.” Ikawa ndiyo salamu yetu.

Mwenyewe nilikuwa natulia kidogo. Nilijisemea, hawana kitu. Mota haijaonekana. Matope si ushahidi, Nyabiyonza nzima ina matope. Nilikuwa mjinga, maana sikujua kwamba kesi isiyo na kitu ndiyo inayotafutiwa mtu.

Walimpata. Alikuwa mwanaume wa upande wa Kyerwa, amekamatwa na kahawa ya magendo akiivusha kwenda Uganda, akawekwa rumande chumba kimoja na mume wangu. Siku aliyoletwa kutoa ushahidi alikuwa amenyoa vizuri na shati limepigwa pasi. Nilikuwa benchi la nyuma, mtoto ananyonya. Mtu yule alizungumza kama anayesoma taarifa ya habari.

“Mheshimiwa, mshtakiwa alinieleza kwa mdomo wake. Alisema Jumamosi ile alichimba shimo. Lilikuwa refu, mpaka kifuani. Wakaweka, wakafukia, wakasawazisha juu. Alisema udongo ulikuwa mwekundu, unanata, mpaka mikono ikatoka malengelenge.”

“Aliweka nini?” wakili wa serikali akauliza.

“Mota, mheshimiwa.”

“Alichimba kwa kutumia nini?”

“Jembe.”

“Kama hili?” Akaliinua kutoka mezani.

“Ndiyo. Kama hilo.”

Nataka msomaji asimame hapa na mimi. *Mpaka kifuani.* Nani anachimba shimo mpaka kifuani kwa ajili ya mota inayobebwa na mtu mmoja begani? Hata ng’ombe akifa hatumchimbii hivyo. Mtu anachimbiwa hivyo. Nilimsikia mume wangu ndani ya maneno ya yule mtu kama unavyoisikia sauti ya ndugu yako redioni. Malengelenge, udongo unaonata, kusawazisha juu, yote aliyasema yeye, kweli kabisa. Alikuwa anasimulia kaburi. Yule mwongo hakutunga hadithi. Alichukua kaburi la mzee wetu, akamtoa mzee, akaweka mota.

Wakati huohuo macho yangu yakatua kwenye jembe. Nikauona ukanda wa mpira wa baiskeli.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimesimama na sauti yangu imejaa chumba: “Hilo ni langu! Hilo jembe ni langu mimi, lake lilikuwa msibani!”

“Mama, kaa chini.”

“Mheshimiwa, wamechimba wao wenyewe kwa jembe langu…”

“Mama! Kaa chini au utolewe nje.”

Nikatolewa nje. Askari aliyenitoa alikuwa mpole, alinishika kiwiko kama mgonjwa. Nikaenda kusimama chini ya dirisha, na hapo chini ya dirisha ndipo nilipolisikia neno lililoniuma kuliko yote ya siku ile. Hakimu alimuuliza mume wangu, ambaye wakili hakuwa naye, kama ana swali kwa shahidi.

“Sina swali, mheshimiwa.”

Sina swali! Mwanaume mzima! Mtu anakuzika ukiwa hai, unaulizwa kama una neno, unasema huna!

Nilipomfuata rumande wiki ile sikumsalimia. Nilimwambia, “Kwa nini hukumuuliza?”

“Nimuulize nini?”

“Muulize shimo la kifuani ni la mota gani! Muulize ameahidiwa nini!”

Akageuza viganja vyake akavitazama. Halafu akasema, “Nyumbani tulifundishwa mwongo unamwacha. Ukimjibu, mnakuwa wawili.”

“Huko ni nyumbani. Hapa ukimwacha, anakwenda nyumbani yeye.”

Akacheka. Nakasirika hata leo nikikumbuka, lakini alicheka, na mimi nikacheka na machozi yananitoka. Nikamuuliza ilikuwaje akamweleza mtu asiyemjua habari za kaburi. Akasema yule mtu alimwuliza mikono imefanya nini. “Kule ndani tunaongea nini, mama mtoto? Tunaongea nyumbani. Nilimsimulia mazishi yote, nani alilia, nani alichelewa na kamba. Alikuwa anasikiliza vizuri. Nikasema huyu ni mtu.”

Hilo ndilo ninalorudi kulifikiria nikipalilia. Mtu mwenye upweke alipata msikilizaji, kumbe msikilizaji anachagua vipande. Yule wa Kyerwa simchukii kama watu wanavyodhani. Alikuwa na watoto wake, alikuwa na kesi yake ya magendo. Mtu aliyefungiwa ukimwambia mlango uko upande ule, ataelekea upande ule. Kabla ya hukumu ya mume wangu kesi ya kahawa yake ilikuwa imeondolewa mahakamani, na yeye yuko nje anauza mitumba. Hasira yangu naipeleka kwa waliosimama mlangoni. Hakuna aliyemwuliza kwa sauti, mbele ya hakimu: wewe, ukisema haya, unapata nini? Hakuna aliyemwuliza: kwa nini hukuyasema ulipoyasikia, umeyasema ulipokaribia tarehe yako? Hakuna aliyekwenda kilimani kwetu akauliza hata mtoto: Jumamosi ile kulikuwa na nini?

Na sisi je? Hapa naumia zaidi. Watu wa kilima chetu walikuja mahakamani kwa zamu, wakaketi, wakasikiliza “Jumamosi alichimba shimo,” na kila mmoja alijua ni shimo gani. Hakuna aliyesema. Nilipowauliza baadaye walinishangaa. “Tuseme nini? Si kila mtu anajua?” Ndiyo ugonjwa wetu. Kinachojulikana na wote hatukitamki, tunaona kukitamka ni kumdharau msikilizaji. Hakimu alikuwa mgeni, ametoka mikoa ya mbali. Kwake jembe linatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

*

Mahakama ikaona mume wangu ana kesi ya kujibu. Ikapangwa tarehe ya utetezi. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mmoja mkali anayefuga mbuzi wa maziwa, alinikalisha akaniambia ukweli: mimi niliyekaa ndani nikasikiliza mashahidi wote, tena nikapiga kelele, neno langu litakuwa jepesi. “Watasema umekuja kurekebisha hesabu. Nani mwingine alilishika jembe la mumeo?”

Mjane.

“Basi mlete. Na usimfundishe cha kusema hata neno moja. Umenisikia? Mkimfundisha, mtakuwa kama wao.”

Nilikwenda na mama mkwe, maana huendi kwa mfiwa kuomba jambo kama hilo ukiwa peke yako, tena mwali. Njiani alinisuta. “Kijiji kizima kinasema ulisimama mahakamani ziwa likiwa nje.”

“Ziwa lilikuwa ndani, mama. Mdomo ndio ulikuwa nje.”

“Afadhali lingekuwa ziwa,” akasema, na nikaona bega lake linatikisika kwa kicheko.

Tulimkuta mjane anamenya ndizi. Mwanawe mkubwa alikuwa amekuja kutoka Bukoba anakofanya biashara, ameketi kwenye kiti cha baba yake. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianza na hasira nikamalizia na ombi, inavyotakiwa ni kinyume. Mwana akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Shemeji, pole. Mume wako namjua. Lakini baba yangu amezikwa. Usimfukue.”

“Sitaki kumfukua…”

“Unataka mama yangu apande kizimbani na kaniki yake, aulizwe habari za kaburi la mumewe na watu wasiomjua. Kesho watataka kuja kulipima. Hapana. Tafuta wengine. Wachimbaji walikuwa wengi.”

“Wachimbaji wanajua kwamba alichimba,” nikasema. “Asubuhi alichimba, sawa, watasema mchana alikwenda kwake akachimba tena. Jembe ndilo linalojua halikuondoka hapa. Na jembe aliliosha mama.”

“Nimesema hapana.”

Mama mkwe alinigusa mguu: tunyamaze. Mjane muda wote alikuwa anamenya, ndizi inaingia kwenye maji, nyingine inaingia. Mwishoni akaniuliza bila kuinua uso, “Nilipokuletea jembe, ulilipokea kwa mikono mingapi?”

Nikajua ninakoelekezwa. Jembe la kaburi linapokelewa kwa mikono miwili. “Mmoja, bibi. Nilikuwa na mtoto.”

“Mmm,” akasema, akaendelea kumenya.

Tukarudi nyumbani. Mama mkwe alisema hiyo ilikuwa hapana. Mimi sikulala vizuri mpaka siku ya utetezi. Mkono mmoja! Nilijiona nimemfunga mume wangu kwa mkono wangu mmoja.

*

Siku ya utetezi nilikwenda na jembe la mume wangu nimelifunga kwenye kanga. Mlinzi wa geti akanizuia.

“Mama, jembe la nini?”

“La kesi.”

“Kesi si ina jembe tayari?”

“Ndiyo shida yenyewe.”

Akaniangalia, akaangalia mtoto, akaniambia niliache kwake, litaitwa likihitajika. Mume wangu alijitetea. Safari hii alizungumza. Alisema habari za kaburi, wachimbaji wenzake wawili wakasema walikuwa naye. Wakili wa serikali akawauliza kila mmoja swali lilelile: je, mlikuwa mnamwangalia saa zote? Wakasema ndiyo, saa zote, hata alipokwenda kujisaidia. Mimi nilikuwa nje natazama barabara kama mjane atakuja; niliambiwa watu walicheka, na mimi nikajua kicheko hicho ni kibaya kwetu. Hao walimpenda, wakazidisha. Hata ukweli ukiuvisha nguo nyingi haufahamiki.

Nilikuwa nimeshakata tamaa niliposikia pikipiki. Mjane alikuwa nyuma ya bodaboda amekaa upande, kaniki yake imejaa vumbi jekundu. Mwanawe alikuwa nyuma yake kwenye pikipiki ya pili, amenuna. Nikamkimbilia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Huyu mtoto wa pikipiki anaendesha kama ameiba.” Akajikung’uta. “Usiniambie kitu. Nimekuja kusema ninachokijua, nisije nikasema cha kwako.”

Mwanawe akanipita akanong’ona, “Ametishia kuja kwa miguu.”

Safari hii niliruhusiwa kusikiliza, kwa kuwa mimi sikuitwa kuwa shahidi, na nilikaa mdomo nimeuziba kwa mbeleko ya mtoto. Mjane aliapa. Akaulizwa kama analifahamu jembe lile la mezani. Akasema ni la mke wa mshtakiwa, humwona nalo kila msimu wa maharage, “na hiyo raba ameifunga vibaya.” Likaletwa la getini. Akalipapasa shingoni penye pete. Akasema hili ni la mshtakiwa, lilichimba nyumba ya mwisho ya mume wake, likalala chini ya upenu wake tangu Jumamosi mpaka siku ya kuanua matanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliosha na kulipeleka.

Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana, sauti yake ya heshima.

“Bibi, Jumamosi ile ulikuwa unamwona mshtakiwa muda wote?”

“Hapana.”

“Alikwenda wapi mchana?”

“Sijui.”

“Alikula?”

“Sijui. Mimi nilikuwa nimefiwa, mwanangu, sikuwa nahesabu sahani. Nilimwona kaburini. Baada ya hapo niliona chini tu.”

“Kwa hiyo angeweza kwenda kwake akachimba?”

“Angeweza kwenda. Kuchimba, labda kwa jembe lingine. Sijui. Mimi najua hili.”

Nilitaka kusimama tena nimwambie, bibi, sema hakutoka! Namshukuru Mungu nilikuwa na mbeleko mdomoni. Maana hakimu aliinua kichwa, akaacha kuandika, akamwangalia yule mama kwa muda. Halafu akauliza mwenyewe, “Na kilimani kwenu, siku ya mazishi, mtu akipiga jembe shambani kwake inakuwaje?”

“Jembe lina mlio, baba. Kilima chote kingesimama. Mimi mwenyewe ningeacha kulia nikauliza ni mpumbavu gani.”

“Shimo la mpaka kifuani mnachimbia nini?”

Mjane alijifuta uso kwa pembe ya kaniki.

“Mtu,” akasema.

*

Hukumu ilisomwa baada ya muda. Mume wangu aliachiwa. Sitaki kunakili maneno ya hakimu, lakini kwa Kiswahili changu alisema hivi: maneno ya mtu aliyekuwa na kesi yake mwenyewe shingoni hayawezi kusimama peke yake, lazima kitu kingine kisicho na haja yoyote kiyashike mkono, na hapa kilichodaiwa kuyashika kilikuwa jembe la mtu mwingine. Akasema shahidi wa utetezi alikiri asichokijua, na kwa hiyo alichokijua kilikuwa na uzito.

Hilo la mwisho nimelibeba. Tangu siku ile mtu akinisimulia jambo la mwingine, naangalia ujuzi wake unaishia wapi. Aliyeona kwa macho ana matundu mengi: hapa sikuona, hapa niligeuka, hapa nilikuwa nalia. Aliyepangwa hana tundu hata moja, kila kitu kimejaa kama gunia la kahawa lililoshindiliwa. Yule wa Kyerwa hakusema “sijui” hata mara moja. Kama ningekuwa na mamlaka, ningeanzia hapo. Ningesema shahidi wa namna yake asipande kizimbani mpaka kwanza itangazwe waziwazi anatarajia nini, ni katika kesi ngapi amekwisha kusikia wenzake “wakikiri” kwake, na mtu wa upelelezi awe amefika mahali penyewe akauliza siku ile ilikuwaje. Si jambo kubwa. Ni kupanda pikipiki tu kuja Nyabiyonza.

Mota haijapatikana mpaka leo. Mwizi yuko mahali anaishi. Hilo nalo watu hawalitaji: siku zote walizomshika asiye yeye, yeye alikuwa anakula. Mwenye mashine ananisalimia, na mimi naitikia. Jembe langu nilirudishiwa likiwa na kutu.

Mwaka huu kilimani kwetu alifariki mama mwingine. Mume wangu alichukua jembe lake, akafika mlangoni, akasimama. Sikuwahi kumwona akiogopa jembe. Akaniuliza, “Nichukue au niazime la mtu?”

“Chukua lako,” nikasema.

Alichimba, akaliacha. Jioni baada ya mazishi, watu wakiwa bado wameketi kwenye majani, niliinuka nikaenda penye upenu. Yalikuwa yamelazwa pale majembe ya wachimbaji. Nikalishika la mume wangu, nikaliinua watu walione, na kwa sauti ileile iliyonitoa mahakamani nikasema, “Hili ni la baba wa mtoto wangu. Limechimba kaburi leo, linabaki hapa. Mmeliona?”

Sauti ya kiume ikatoka nyuma, “Hee, mwanasheria amefika!” Watu wakacheka. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Lakini mchimbaji mmoja akainuka, akalishika la kwake, akasema na yeye, “Na hili langu, mpini mpya. Mlione.” Akaja mwingine. Ikawa kama mchezo, kila mtu anainua lake, watu wanaitikia wanacheka, tumeliona, tumeliona, hata wafiwa wakatabasamu kidogo.

Mjane wa jirani yetu alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Nikamwinamia, maana nilimtaka yeye hasa.

“Bibi, la kwetu umeliona?”

“Nimeliona,” akasema. “Safari hii umelishika kwa mikono miwili.”